Je, filamu za Dune zimekisaliti kitabu?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Wete, mpenzi wa filamu za mambo ya anga. Barazani kwetu tuko sita. Tumeziangalia Dune zote mbili kwa kompyuta moja, na tangu siku hiyo hatulali kwa mabishano. Rafiki yangu aliyekisoma kitabu anasema mwongozaji kakiharibu: Chani kitabuni hamwachi mpenzi wake Paul, ambaye ndiye shujaa wa hadithi, mtoto Alia, mdogo wake Paul, kitabuni ameshazaliwa na anatembea, na neno jihadi limetupwa nje. Mjomba wangu naye alipita njia akasikia "Mahdi" na "Lisan al-Gaib", akatwambia tuzime, watu hawa wanaichezea dini. Mimi kitabu sijakisoma, na Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nani yuko sawa? Na nikisome kabla ya sehemu ya tatu kutoka, au nisubiri?

Jibu: Marahaba mwanangu, na salamu zifike baraza zima. Umeuliza mambo matatu kwa pumzi moja. Nitaanza na la rafiki yako kwa sababu ndilo la kazi yangu. Nimekaa miaka mingi mbele ya meza ya kuhariri filamu, na kukata nakujua. La mjomba nitalifikia, na sitalipita mbio.

Rafiki yako hakusema uongo hata neno moja. Naweza hata kumpa silaha zaidi. Kynes, yule mtaalamu wa sayari, kitabuni ni mwanamume, filamu imemfanya mwanamke. Kitabuni kuna karamu ndefu ambayo kila mgeni anamtega mwenzake kwa maneno huku wakila. Filamu haikuipika kabisa. Mzee Thufir Hawat, bingwa wa hesabu, kitabuni anaendelea kuishi mikononi mwa akina Harkonnen, ukoo ulio adui wa ukoo wa Paul. Kwenye filamu ya pili humwoni. Paul na Chani kitabuni wanapata mtoto wa kwanza na anauawa. Hilo nalo halimo. Mkianza kuhesabu yaliyoachwa, alfajiri itawakuta hapo hapo barazani.

Ila kwangu mimi hesabu hiyo haipimi kitu. Kitabu cha Frank Herbert kilitoka mwaka 1965, na mtu akikusomea kwa sauti kitakwenda zaidi ya saa 20. Filamu ya Denis Villeneuve ya 2021 ina dakika 155, na ya pili ya 2024 ina dakika 166. Ukizijumlisha hazifiki saa tano na nusu. Urefu bado unavumilika, maana maelezo ya kurasa kadhaa juu ya jangwa hulipwa na picha moja ya sekunde tano iliyopigwa Wadi Rum kule Jordan. Ugumu hasa ni kuwa kitabu kile kinakwenda ndani ya vichwa vya watu. Mtu anatamka neno moja, zinafuata aya mbili za aliyokuwa akiyafikiria, kisha aya nyengine ya yule anayemsikiliza naye anavyomshuku. Kamera haina mlango wa kuingilia humo.

Chukua tukio la sanduku, mwanzoni kabisa. Yule bibi wa Bene Gesserit, udugu wa siri wa wanawake, anamwamrisha Paul atie mkono kwenye sanduku, na shingoni anamwekea sindano ya sumu: akiutoa mkono, anakufa. Ndani ya sanduku hamna kitu ila maumivu. Kitabuni Paul anajisomea moyoni maneno ya kuifukuza hofu aliyofundishwa na mama yake. David Lynch alipotengeneza filamu yake mwaka 1984 alikwenda moja kwa moja: akatusikilizisha mawazo ya wahusika kwa kunong'ona, na akaendelea hivyo filamu nzima. Niliiona kwa mkanda, nyumba ya jirani, Michenzani. Bibi mmoja alikuwa mlangoni anakuna nazi. Akanyanyua uso kutoka kwenye mbuzi, akatazama, akauliza, "Anasema na nani huyu, mbona mdomo kaufunga?" Sijasoma uhakiki wa filamu ile uliougusa ugonjwa wake vizuri kuliko swali hilo.

Villeneuve kafanya vyengine. Paul ananyamaza. Picha inatoka chumbani, inamkuta Jessica, mama yake Paul, nje ya mlango, mwili unamtetemeka, na yeye ndiye anayeyasoma maneno yale. Yamehama kutoka kichwani mwa mtoto yakaja mdomoni mwa mama, na njiani yameokota jambo ambalo ukurasani huwezi kulishika hivyo: uchungu wa mzazi aliyefungiwa nje. Nikimfundisha mtu kuigeuza riwaya kuwa filamu, ninaanza na dakika hizo.

(Tukiwa hapo hapo: wale vijana wa vibanda vya video wanaotafsiri filamu kwa kusema juu ya picha walilitatua tatizo hili kabla ya Hollywood. "Hapa sasa jamaa anajiambia, nikiutoa mkono huu nimekwisha." Mtafsiri anaingia kichwani mwa mtu bila ya kubisha hodi, na kibanda kizima kinamwelewa.)

Sasa mpeleke rafiki yako kwa Chani, kwani ndiyo kesi kubwa. Kitabuni Paul anaona kwa macho ya mbele kwamba jina lake litapeperushwa kwenye bendera na watu wataua kwa jina hilo sayari baada ya sayari. Anaogopa. Msomaji anaisikia hofu hiyo kila baada ya kurasa chache, kwa sababu yumo kichwani mwake. Na hata hivyo, wasomaji wengi wa wakati ule walikifunga kitabu wakimshangilia Paul kama shujaa aliyelipiza kisasi cha baba yake. Herbert alikuwa anaonya juu ya viongozi wanaoabudiwa, na mwaka 1969 akatoa kitabu cha pili, Dune Messiah, ambacho humo huwezi tena kujidanganya.

Ikiwa wenye kitabu mkononi walimkosea Paul, atakayemwona kwa nje tu, kijana mzuri wa sura, juu ya mgongo wa dudu la mchangani, na muziki wa Hans Zimmer nyuma yake, atafanya nini? Atapiga makofi. Kwa hiyo Villeneuve kaitoa ile hofu kifuani mwa Paul, kampa Chani aibebe. Pia kawagawa Wafremen, wale wenyeji wa jangwa: wa kusini wanaoamini, na wa kaskazini, hasa vijana, wanaowacheka wazee wao. Mgawanyo huo kitabuni haumo. Chani akiwa upande wa wanaokataa, kila Paul anapopanda daraja unamwangalia yeye, na uso wake unakwambia bei. Mwishoni anaondoka kwa sababu shaka imebaki kwake peke yake. Kwa Paul imekwisha.

Rafiki yako anaweza kusema, basi si Chani yule tena. Ni kweli, si yule. Chani wa kitabuni ni mpole zaidi, na ananyamaza kwenye mambo ambayo msichana wa leo asingenyamaza. Ila hili si geni kwetu. Riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta n'kuvute, wengi wetu tumeisoma skuli. Amil Shivji alipoifanya filamu mwaka 2021, riwaya nzima ililazimika kuingia kwenye saa moja na nusu hivi, na barazani kwetu Unguja mabishano yalikuwa ni haya haya yenu: fulani yuko wapi, mbona hili halimo. Mimi nilitazama kama joto la chumba cha Mwajuma na Ng'ambo ile ya miaka ya hamsini vimefika. Vilifika.

La Alia nitalimaliza upesi. Mtoto wa miaka miwili mitatu anayezungumza kama bibi kizee, karatasini anatisha. Mbele ya kamera anachekesha. Lynch alijaribu, na watu walicheka. Villeneuve kamwacha tumboni anasema na mama yake, na mimi naona kapona. Lakini hapa kuna gharama, na kwenye gharama hii niko na rafiki yako. Kitabuni inapita miaka kati ya Paul kuingia jangwani na vita vya mwisho. Filamuni mimba haijafika hata kuzaliwa. Kwa miezi hiyo michache kijana mgeni amejifunza jangwa, amependa, ameongoza vita, amekuwa Mahdi na ameupindua ufalme. Ndiyo maana mapenzi yake na Chani, kwa jicho langu, hayana uzito unaotakiwa ili kuvunjika kwake kuume. Hawajawahi kuchoshana.

Kuna kitu kilichopungua zaidi ya hivyo vyote, na nashangaa kijana wa Pemba hakukiuliza: viungo. Vita vyote vile ni vya kiungo kimoja, kinachonukia mdalasini, ambacho kinapatikana sayari moja tu, Arrakis. Marubani wa anga wanakitumia ili waione njia salama baina ya nyota. Pasipo hicho hakuna safari, pasipo safari hakuna biashara wala ufalme. Kitabuni marubani hao na shirika lao wanatokea, wanabembeleza, wanatishika. Filamu imelipitia jambo hilo juu juu, na kufika sehemu ya pili viungo vimekuwa vumbi zuri linalong'aa kwenye jua.

Wewe umekulia mahali ambapo kitu kimoja kinachonukia kimewahi kuendesha kila jambo. Umeona karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, makonyo yamewekwa mbali, na mtu mzima anatupia jicho mawingu. Unajua maana ya zao lenye mnunuzi mmoja, na unajua magendo ni nini bila ya kufafanuliwa. Mkumbuke Gurney Halleck, mwalimu wa vita wa Paul: filamu ya pili inamkuta akiwa na watu wa magendo ya viungo. Nina hakika hapo barazani mlichekeana.

Tofauti iliyopo ndiyo inayoeleza vita. Mkarafuu kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Waholanzi waliushikilia kwa nguvu, hata wakawa wanaikata miti iliyoota nje ya eneo walilolitaka ili bei isianguke. Mwaka 1770 hivi, miche iliyotoroshwa kwa mipango ya Mfaransa Pierre Poivre ikafika Mauritius, ukiritimba ukaanza kutoboka, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikawa inaota Unguja. Seyyid Said akaamrisha ipandwe kwa wingi, wanaolima na kuchuma wakiwa watumwa. Kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki na zao. Kwa hiyo mkarafuu unaweza kuibiwa, ukapandwa kwengine, mwenye nguvu akaamka siku moja hana nguvu. Viungo vya Arrakis vinatokana na yale madudu ya mchangani, na madudu yale hayahamishiki. Mche hauibiki. Kilichobaki ni kuishika sayari yenyewe au kutishia kuviteketeza, na ndivyo Paul wa filamu anavyofanya mwishoni kwa mabomu ya nyuklia. Ukikisoma kitabu na karafuu kichwani utaona mambo ambayo msomaji wa London anayapita.

Kabla ya mjomba, neno moja juu ya fedha, kwa sababu najua mmoja wenu lazima aliuliza kwa nini filamu ya kwanza ilikatika katikati. Riwaya hii ilikuwa na sifa ya kuwafilisi watu. Alejandro Jodorowsky aliihangaikia miaka ya sabini na ikafa kabla ya kamera kuwashwa. Ile ya Lynch ilikula dola milioni 40 hivi na haikuzirudisha kwenye majumba ya sinema ya Marekani. Kwa hiyo Villeneuve alipotaka sehemu mbili, aliruhusiwa moja kwanza. Ya kwanza iligharimu kiasi cha dola milioni 165 na ikauza kama milioni 400, fedha ambazo si nyingi kama zinavyosikika, maana karibu nusu hubaki kwa wenye majumba, na matangazo yana bili yake. Ilianza Marekani tarehe 22 Oktoba 2021. Ruhusa ya sehemu ya pili ikatangazwa siku nne baadaye. Ya pili ikatumia milioni 190 hivi, ikavuka milioni 700. Hapo ndipo sehemu ya tatu ilipopata miguu.

Sasa mjomba. Mimi si shekhe, na kama anauliza hukumu ya kuangalia, wenye elimu hiyo wapo Wete na hawana haja na mimi. Ninachoweza kukwambia ni maneno yametoka wapi. Herbert aliyachukua kwa makusudi kutoka Kiarabu na historia ya Waislamu, mengine kutoka vita vya Imam Shamil dhidi ya Warusi kwenye milima ya Kaukasi, kwa kupitia kitabu cha Lesley Blanch cha mwaka 1960. Hadithi inapita miaka elfu nyingi mbele, dini zimechanganyika na maneno yamechakaa. Lisan al-Gaib kitabuni inafasiriwa kuwa sauti itokayo ulimwengu wa nje. Sisi lisani tunaijua, ghaibu tunaijua, na mtoto wa chuoni Pemba angeitamka ile ghaini vizuri kuliko mchezaji yeyote aliyelipwa kwa kazi hiyo. Muad'Dib ni panya wa jangwani kwenye hadithi, lakini ukilisikia neno unasikia adabu, unasikia kuadibu. Usul ni usuli. Shai-Hulud, jina la lile dudu, ni kitu cha milele.

Kwenye neno jihadi rafiki yako ana hoja. Kitabuni limo waziwazi. Filamu inasema vita vitakatifu. Naelewa walichokikwepa, lakini kubaki na Mahdi na kulitupa lile jengine kwangu ni woga zaidi kuliko heshima. Wapo pia waliolalamika kwamba filamu imekopa lugha na mavazi ya watu fulani na kwenye nafasi kubwa haikuwaweka watu hao. Lalamiko hilo nalikubali.

Lakini mjomba aliondoka mapema. Angekaa, angefika kwenye kiini: utabiri wa Mahdi katika hadithi ile umepandwa. Mabibi wa Bene Gesserit walitangulia karne nyingi wakasambaza ngano kwa watu maskini, ili siku mmoja wao akikwama huko apate mahali pa kujificha. Jessica anaingia jangwani na kulivuna shamba ambalo hakulilima. Stilgar, kiongozi wa Wafremen, mtu mzima mwenye akili zake, kila Paul akikanusha anazidi kuamini, na filamu inatuchekesha naye mpaka dakika ambayo kicheko kinakauka. Mjomba wako anasema wapo wanaoichezea dini. Hadithi nzima inasema hivyo hivyo. Mkaribishe kahawa, mwanzisheni upya naye.

Kuhusu kusoma: kisome, na anza sasa. Kiingereza cha kuungaunga kinatosha, kwa sababu filamu mbili zimeshakupa sura za watu na ramani ya mambo. Ukipotea kwenye aya, picha itakurudisha njiani. Na nyuma ya kitabu kuna kamusi. Msomaji wa Chicago anaifungua kila ukurasa. Wewe utakuta humo ilm, fiqh, taqwa, sirat, shaitan, ulema, umma, na utahitaji tu kuona Herbert kazipinda vipi. Usianzie na kitabu cha pili.

Sehemu ya tatu imepangwa kutoka tarehe 18 Disemba 2026 na inatokana na hiyo Dune Messiah, kitabu chembamba kinachoanza miaka 12 baada ya Paul kukalia kiti. Kwa kawaida ningekwambia uache, uende ukumbini ukiwa mtupu. Safari hii nakwambia kisome kabla. Kwenye kitabu cha pili Chani yuko ubavuni mwa Paul, na kurasa nyingi zinasimama juu ya hilo. Villeneuve keshamwondosha. Kajichimbia shimo mwenyewe, na raha ya kumwangalia akitoka ataipata anayejua kina chake.

Jambo la mwisho ni vyombo. Msiziangalie tena kwa spika za kompyuta. Watengeneza sauti wa filamu ya kwanza walifukia maikrofoni kwenye mchanga wa jangwa la Death Valley, California, wapate mchanga unavyoguna kutoka chini. Azimeni spika yenye besi ya kweli, fungeni madirisha, zimeni taa. Halafu ifikisheni ya pili mwisho, pale Wafremen wanapopiga magoti mbele ya Paul, na muache kumwangalia yeye. Mtafuteni Chani, amesimama. Picha ya mwisho kabisa ya filamu ni uso wake, analisubiri dudu limchukue. Kisha rafiki yako afungue ukurasa wa mwisho wa kitabu, awasomee: hapo anayesema ni Jessica, na anayeambiwa ni Chani.